Mtoto wa shule ya msingi kwenye simu yako: Mtandao unamwona kama wewe

Likizo ikifika, simu ya mama haikai tena mkononi mwa mama. Asubuhi iko kwa mtoto wa darasa la pili anayetazama katuni. Mchana iko kwa kaka yake wa darasa la sita anayecheza Free Fire. Jioni inarudi kwa mwenyewe ikiwa na chaji asilimia tatu na bando limekwisha.

Wazazi wengi hulalamikia chaji na bando. Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho: kwa saa zote hizo, mtandao haukujua kwamba anayebonyeza ni mtoto. Akaunti ya TikTok ni ya mama. Umri uliosajiliwa ni wa mama. WhatsApp ina magrupu ya mama, na laini ina hela za mama.

Hapo ndipo ushauri mwingi wa usalama wa watoto mtandaoni unapokwama. Umeandikwa kwa ajili ya mtoto mwenye simu au kishikwambi chake. Kwenye nyumba nyingi za Tanzania, mwanafunzi wa shule ya msingi anaingia mtandaoni kwa simu ya kuazima: ya mama, ya baba, ya mjomba, ya dada wa kazi au ya rafiki aliyemzidi umri.

Haya ndiyo ya kujua na ya kufanya, ukianzia na simu uliyoishika sasa hivi.

Kwa nini miaka 13?

TikTok, Instagram, Facebook na WhatsApp zote zinataka mtumiaji awe na angalau miaka 13.

Namba hiyo haikuwekwa kwa sababu mtoto akifika miaka 13 anakuwa amekomaa. Inatokana na sheria ya Marekani inayoitwa COPPA, iliyopitishwa mwaka 1998 na kuanza kutumika mwaka 2000. Sheria hiyo inazuia kampuni kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13 bila ridhaa ya mzazi. Kwa kampuni nyingi, kumkataa mtoto ikawa rahisi kuliko kutafuta ridhaa ya mzazi wake.

Sasa piga hesabu. Mtoto akianza darasa la kwanza na miaka 6, anafika la saba akiwa na miaka 12. Yaani karibu shule ya msingi yote iko chini ya umri huo.

Kizuizi chenyewe ni chepesi. Wakati wa kujisajili, mara nyingi programu huuliza tarehe ya kuzaliwa tu. Mtoto anayejua kutoa anaandika mwaka mwingine na mambo yanaendelea.

Akishaandika kwamba ana miaka 25, au akitumia akaunti ya mzazi, anapoteza hata ulinzi mdogo uliowekwa kwa vijana. TikTok, kwa mfano, haimruhusu mtumiaji wa chini ya miaka 16 kupokea ujumbe wa faragha, na akaunti yake huanza ikiwa imefungwa kwa watu asiowakubali. Instagram nayo ilianzisha akaunti maalumu za vijana mwaka 2024. Mtoto wa miaka 9 aliye ndani ya akaunti ya mtu mzima hapati lolote kati ya hayo. Kwa programu, yeye ni mtu mzima.

Tatizo ni kubwa kiasi gani?

Mwaka 2022, ECPAT International, INTERPOL na UNICEF walitoa matokeo ya utafiti uitwao Disrupting Harm kuhusu Tanzania. Ulihusu watoto wa miaka 12 hadi 17.

Utafiti huo ulionyesha kuwa asilimia 67 ya watoto wa umri huo walikuwa wanatumia intaneti. Kati ya wanaoitumia, asilimia 4 walikuwa wamefanyiwa vitendo vya wazi vya unyanyasaji wa kingono kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja. Asilimia 4 inaweza kuonekana ndogo. Ikipigwa kwa idadi ya watoto nchini, ni takriban watoto 200,000.

Hao ni wa kuanzia miaka 12. Wadogo zao wa darasa la tatu na la nne hawakuhojiwa, ila simu wanayoitumia mara nyingi ni hiyo hiyo ya nyumbani.

Jambo jingine lililojitokeza katika nchi mbalimbali zilizofanyiwa utafiti huo ni kwamba anayemdhuru mtoto mtandaoni mara nyingi ni mtu ambaye mtoto tayari anamfahamu. Kwa hiyo onyo la "usiongee na watu usiowajua" halitoshi. Mtoto anaweza kulitii vizuri kabisa na bado akaumizwa na mtu anayemwita anko.

Hatari tatu zinazopita kwenye simu ya nyumbani

*1. Vitu vinavyoingia vyenyewe*

Si lazima mtoto atafute kitu kibaya ili akione. WhatsApp inaweza kupakua picha na video za magrupu yenyewe na kuzihifadhi pamoja na picha zako za kawaida. Klipu ya ajali yenye damu, au video ya ngono iliyotupwa usiku kwenye grupu la washikaji, asubuhi inakuwa jirani na picha za ubatizo wa mdogo wake. Mtoto anafungua sehemu ya picha ajione alivyopendeza, anakutana nayo.

Video fupi za TikTok, YouTube na Facebook nazo hupangwa kufuatana na alichotazama mwenye akaunti. Mtoto akirithi simu, anarithi na ladha yako. Na akitazama video moja mpaka mwisho kwa mshangao tu, programu inachukulia kwamba imempendeza na inaleta nyingine kama hiyo.

*2. Hela na namba za siri*

Simu hiyo hiyo ndiyo yenye M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa. Watoto wengi wa darasa la tano wanaijua namba ya siri kwa sababu huwa wanatumwa kutoa hela kwa wakala au kununua umeme.

Matapeli hawahitaji kuongea na mzazi. Wakipiga na mtoto akapokea, wanaweza kujitambulisha kuwa mafundi wa mtandao au watu wa ofisini kwa baba, kisha wakamwomba asome namba zilizoingia kwenye meseji. Namba sita za kuthibitisha WhatsApp zikisomwa, akaunti inahamia kwao. Baada ya hapo ndugu na marafiki wanaanza kupokea meseji za kuomba wakopeshwe hela, zikiwa na jina lako na picha yako.

Kwenye magemu kuna mtego wa namna yake. Almasi za Free Fire zinanunuliwa kwa hela halisi, na mtoto anayezitamani ni rahisi kumnasa kwa ahadi ya "nipe akaunti yako nikujazie".

*3. Mtu anayeanza kwa wema*

Anayemwinda mtoto haanzi kwa vitisho. Anaanza kwa kusifia: "Unacheza vizuri", "Wewe ni mzuri". Kisha inakuja zawadi ndogo, bando au almasi za gemu. Halafu anaomba wahame kutoka kwenye gemu au maoni ya video waende mahali pa watu wawili, kama WhatsApp. Kisha inaletwa siri: "Usimwambie mama, atakunyang'anya simu."

Picha huombwa baadaye. Ya kwanza inaweza kuwa ya kawaida, amevaa sare. Ya pili inamtaka avue. Akishatuma moja, wema unageuka kuwa amri: tuma nyingine, la sivyo hii naipeleka shuleni kwenu.

Siku hizi si lazima mtoto atume picha ya utupu ndipo atishwe nayo. Programu za akili bandia zinaweza kuigeuza picha ya kawaida ikaonekana ya utupu. Anayetishwa hivyo hajatuma picha yoyote mbaya, lakini hofu anayoipata ni ile ile.

Kwa nini mtoto anakaa kimya

Hapa ndipo penye uzito wote. Mtego ulioelezwa hapo juu unaweza kukatwa hatua yoyote, ilimradi mtoto amwambie mtu mzima mapema. Shida ni kwamba hasemi.

Chukua mfano wa msichana wa darasa la tano. Amekatazwa kushika simu ya shangazi, akaishika. Mtu aliyekutana naye kwenye gemu amemwomba picha, akatuma moja ya kawaida. Sasa anaombwa nyingine na moyo wake unakataa. Akienda kusema, lazima aanze kwa kukiri kwamba alishika simu. Anajua kinachofuata: fimbo, kelele, na simu kufungiwa. Anayemtishia naye anajua, ndiyo maana anamwambia "mama atakuchapa".

Kwa hiyo kila mara mtoto anapochapwa kwa kosa dogo la simu, anajifunza kwamba kosa kubwa ni la kuficha kabisa. Fimbo iliyokusudiwa kumlinda inageuka kuwa silaha ya mtu asiyeonekana.

Utafiti wa Disrupting Harm ulionyesha kuwa watoto wanaposema, huwaambia watu wa karibu, hasa marafiki. Polisi na namba za msaada karibu hawafikiwi kabisa. Yaani siri nzito kama hiyo inaishia kwa mtoto mwenzake wa dawati moja, ambaye naye hana la kufanya.

Dawa yake ni ahadi, na itolewe kabla tatizo halijatokea. Maneno yake si mengi:

"Ukiona kitu kwenye simu kikakuogopesha, au mtu yeyote akikuomba picha au akikuambia ufiche siri, njoo uniambie. Hata kama simu uliichukua bila ruhusa. Sitakuchapa kwa kuniambia."

Kisha mzazi aishi ahadi hiyo. Mtoto atakujaribu kwanza na jambo dogo, pengine atasema amefuta picha kwa bahati mbaya. Ukilipuka hapo, lile kubwa hutalisikia.

Simu moja, watu wengi: Fanya haya leo

Kazi hii inachukua kama nusu saa. Hakuna cha kulipia.

- Zima upakuaji wa WhatsApp. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uzuie picha na video zisijipakue zenyewe. Kwenye Android, ingia pia sehemu ya mazungumzo uzuie zisionekane kwenye picha za simu. Utaokoa na bando.

- Zuia kuingizwa kwenye magrupu ovyo. Kwenye faragha ya WhatsApp, chagua kwamba watu uliowahifadhi tu ndio waweze kukuingiza kwenye grupu. Hapo hapo kuna sehemu ya kunyamazisha simu za wapigaji usiowajua.

- Weka namba ya siri ya pili ya WhatsApp. Iko kwenye sehemu ya akaunti, uthibitisho wa hatua mbili. Hata tapeli akipata zile namba sita, atakwama hapo.

- Funga WhatsApp na programu za hela. Tumia alama ya kidole au namba ambayo mtoto haijui. Kama tayari anaijua namba ya siri ya kutolea hela, ibadilishe leo.

- Washa kizuizi cha maudhui. YouTube na TikTok zote zina kitu kinachoitwa Restricted Mode. Google ina SafeSearch. Hazikamati kila kitu, ila zinapunguza mengi.

- Weka kizuizi kwenye Play Store. Chagua umri wa programu zinazoruhusiwa, na utake namba ya siri kila mara mtu anaponunua kitu.

- Mfungie mtoto kwenye programu moja. Simu nyingi za Android zinaweza kubandika programu moja kwenye kioo, mtoto asitoke bila namba ya siri. Kwenye iPhone kazi hiyo inafanywa na Guided Access.

- Kata data. Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Weka kwenye simu katuni na magemu uliyoyachagua mwenyewe, zima data, ndipo umpe. Magemu mengi ya watoto hayahitaji intaneti. Mtoto wa darasa la kwanza hatajua hata tofauti.

Baada ya hapo, panga simu itumike wapi. Sebuleni, mkekani au barazani, mahali watu wanapita, ni bora kuliko chumbani mlango ukiwa umefungwa. Usiku simu ilale kwa mwenye simu.

Na usiishie kwa mama na baba tu. Mweleweshe dada wa kazi, babu, na binamu anayekuja likizo. Mtoto akinyimwa simu hapa, anajua ataipata kwa nani.

Kama ana kifaa chake

Kwa mtoto mwenye simu au kishikwambi chake, mambo yanakuwa rahisi kidogo.

Google ina programu ya bure iitwayo Family Link. Mzazi anamfungulia mtoto akaunti yenye umri wake wa kweli, kisha kupitia simu yake mwenyewe anapanga saa za kutumia, anaidhinisha programu mpya na kufunga kifaa usiku. Kwenye iPhone na iPad, kazi hiyo inafanywa na Screen Time.

Kwa kijana aliyefikisha miaka 13 na ambaye mzazi amemruhusu TikTok, kuna Family Pairing, inayounganisha akaunti ya mzazi na ya mtoto.

Jambo la msingi ni umri wa kweli. Mzazi anayemsaidia mtoto kudanganya mwaka wa kuzaliwa ili aache kulia, anamtoa kwenye ulinzi wote kwa mkono wake.

Kwenye magemu yenye maongezi, kama Free Fire, zima sauti na kuchati na wageni, au mruhusu acheze na watoto unaowafahamu tu. Huhitaji kuwa mtaalamu wa gemu. Kaa karibu naye dakika kumi umwambie, "Nifundishe hii inachezwaje." Utajua anaongea na nani, naye ataona kwamba mtandao ni kitu cha kuongelea nyumbani, si cha kujificha nacho.

Picha wanazoposti watu wazima

Mtoto anaweza asiwe na akaunti yoyote na bado taarifa zake zote ziko wazi. Mahafali ya awali, siku ya kwanza darasa la kwanza, zawadi ya kushika namba moja: picha inapanda stetasi ikiwa na jina kamili, sare yenye nembo ya shule, na pengine gari la shule lenye jina la mtaa.

Mtu mwenye nia mbaya akiona picha hiyo anajua mtoto anaitwa nani, anasoma wapi na anapita njia ipi. Anaweza kumsimamisha getini akamwita kwa jina, akadai ametumwa na mama.

Furahia mtoto wako, lakini kabla ya kuposti ondoa vitu vitatu: jina kamili, nembo ya shule na mahali. Picha za mtoto akioga au akiwa mtupu, hata awe mchanga na hata iwe kwa kumtania, zisiwekwe popote.

Shule nazo zinahusika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazitaja taarifa zinazohusu watoto miongoni mwa taarifa binafsi nyeti. Mzazi ana haki ya kuuliza shule: picha za wanangu mnaziweka wapi, na nani ameruhusu? Shule inayotaka kujitangaza inaweza kupiga picha za darasa kutokea nyuma, au kuomba ridhaa ya maandishi mwanzoni mwa mwaka.

Shule ifanye nini kingine?

Kwa kawaida mwanafunzi wa shule ya msingi haruhusiwi kwenda na simu shuleni. Hiyo haina maana kwamba suala hili linaishia getini. Siku hizi kazi za nyumbani na matangazo ya tuisheni mengi yanakuja kwenye grupu la wazazi la WhatsApp, na mtoto ndiye anayekabidhiwa simu akayasome. Gemu la jana usiku ndilo gumzo la mapumziko, na matusi yaliyoandikwa mtandaoni yanamaliziwa uwanjani.

Mwalimu wa darasa anaweza kufanya mambo matatu bila kompyuta wala bajeti:

- Kuuliza kwa mikono juu: nani amewahi kuona kitu kwenye simu kikamtisha? Mikono itakayoinuka itamwonyesha ukubwa wa kazi. Asimtake mtoto yeyote aeleze mbele ya wenzake.

- Kutaja kwa jina mwalimu ambaye mtoto anaweza kumwendea faragha. Shule zenye dawati la ulinzi na usalama wa mtoto ziwaeleze watoto lilipo na nani anakaa pale.

- Kuweka utaratibu kwenye grupu la wazazi: hakuna klipu za nje, hakuna picha za watoto wa wengine, na mwalimu hamtumii mwanafunzi ujumbe binafsi usiku. Mawasiliano yapitie kwa mzazi.

Mambo matano ya kumfundisha mtoto

Yasome naye wakati wa chakula, kwa maneno haya haya au yako.

1. Jina la shule, mtaa wetu na namba ya simu hatumpi mtu wa mtandaoni.

2. Namba zikija kwenye meseji, husomi kwa mtu yeyote. Leta simu.

3. Picha ya mwili wako bila nguo haipigwi na haitumwi. Kwa mtu yeyote, hata tunayemjua, hata ndugu.

4. Mtu akikuambia "usimwambie mama", hilo ndilo la kumwambia mama.

5. Ukiona kitu kibaya, geuza simu kioo chini uniite. Hujakosea.

La tatu na la nne linagusa kitendo, si mtu. Ndiyo maana linafaa hata pale ambapo anayehusika ni mtu wa familia.

Likitokea, usikurupuke

Dalili si lazima ziwe kubwa. Mtoto anaficha kioo ukipita, anashtuka meseji ikiingia, ana bando au zawadi zisizoeleweka, hataki shule ghafla, halali vizuri. Dalili moja si ushahidi, ila inatosha kumuuliza kwa upole.

Akisema, anza na maneno mawili: "Asante kwa kuniambia" na "Si kosa lako". Maswali ya "ulikuwa unatafuta nini huko?" yasubiri.

Kisha:

- Usilipe na usitume chochote zaidi. Anayetisha akipata kimoja hurudi kutaka kingine.

- Usifute. Hifadhi majina ya akaunti, namba, tarehe na meseji za vitisho kwa kupiga picha ya skrini. Ukimaliza, mzuie mtu huyo na umripoti kwenye programu husika.

- Usisambaze picha ya utupu ya mtoto. Hata kwa nia ya kumtafuta mhalifu, hata kwenye grupu la familia. Iache kwenye simu na simu uipeleke polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 13, inafanya kuchapisha picha za ngono za watoto kuwa kosa. Adhabu ni faini isiyopungua Sh50 milioni, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili.

- Usimalize kienyeji. Mhusika akiwa jirani au ndugu, kuna shinikizo la kukaa kikao cha familia na kuomba radhi. Mtoto anabaki na jeraha, na mhusika anabaki na simu yake.

- Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Kama mtoto ameguswa mwili au amekutana na mtu huyo, mpeleke hospitali haraka.

- Piga 116. Ni Huduma ya Simu kwa Mtoto, inayoendeshwa na C-Sema. Ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Kenya na Uganda pia wanatumia namba hiyo hiyo ya 116 kwa msaada wa watoto.

- Kama picha imesambaa au inahofiwa kusambaa, kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa mwaka 2023 na kituo cha NCMEC cha Marekani kwa picha za walio chini ya miaka 18. Inatengeneza alama ya kidijitali ya picha hiyo bila picha yenyewe kutoka kwenye simu yako. Mitandao iliyojiunga, ikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, hutumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa.

- Kwa meseji za kitapeli, zile za "hela tuma kwenye namba hii", itume meseji hiyo kwenda 15040, kisha namba ya tapeli.

Andika 116 kwenye karatasi uibandike ukutani, karibu na mahali simu inapochajiwa. Siku mtoto atakapoihitaji, huenda simu iliyo mkononi mwake isiwe ya kwenu.